Kesi ya Chakula cha Melini

Benchi lililo mbele ya kibanda changu niliwawekea wateja. Mimi ni fundi wa feni na pasi, na mtu anayesubiri pasi yake anastahili mahali pa kukaa. Lakini wateja wangu hawajawahi kulifaidi, kwa sababu kila asubuhi nikifika nakuta limeshajaa watu wasio na kifaa chochote cha kutengenezwa. Yupo Kinyozi, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, ambaye kazi yake huifanya kwa kuitazama kwa mbali: mteja akiingia, humpazia sauti akae kwenye kiti, anakuja. Yupo Meneja, mstaafu, ambaye hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote maishani. Jina alipewa kwa sababu anasimamia mambo ya kila mtu isipokuwa yake. Na yupo fundi makochi wa duka la pili, mtu mzima, mpole, mwenye tumbo la heshima, ambaye tangu arudi safari tunamwita Baharia. Kahawa nachemsha mimi, kwenye jiko la umeme ambalo mteja mmoja alilileta limekufa, nikalifufua, na mpaka leo hajalifuata. Wanakunywa wao, nalaumiwa mimi ikiwa chungu.

Asubuhi hiyo Baharia alikuja amechelewa, akakaa kwenye ncha ya benchi bila salamu. Shati lake lilikuwa na mikunjo kama lililalwa. Mtu ambaye jirani yake ni fundi pasi hatembei na shati la namna ile ikiwa nyumbani kwake kuko salama.

— Shemeji hajambo? nikamuuliza.

— Yuko kwa dada yake.

— Kuna msiba huko?

— Msiba uko kwangu.

Tukamsogelea. Kinyozi hata alimpa kisogo mteja aliyekuwa anaingia saluni. Baharia akatoa yote, polepole, huku akigeuza kikombe mkononi.

Safari yenyewe tulikuwa tunaijua. Mume wa binti yao ni fundi umeme kwenye meli ya watalii, zile ndefu kama mtaa, na kampuni yao huwaruhusu wafanyakazi kuwapandisha wazazi safari moja bure. Kijana akawachukua wakwe zake. Wiki nzima baharini, kitanda kinatandikwa na watu wengine, maji ya moto muda wote. Baharia aliporudi alituchosha kwa habari za makochi ya melini, jinsi yalivyoshonwa kwa ndani, mpaka Kinyozi akaomba tuzungumzie msiba wowote kubadilisha hali ya hewa. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba kule melini mume na mke walitofautiana kuhusu chakula.

Shemeji alisema tangu azaliwe hajawahi kula vizuri vile. Baharia alisema chakula kibovu. Na kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, alikuwa anamwinamia mkewe na kumnong'oneza kwamba hiki hakifikii cha kwako.

— Nilikuwa namsifu, akasema Baharia. Wiki nzima namsifu. Nyie mmewasifu wake zenu wiki nzima?

Kinyozi akageuka kuangalia saluni yake. Baharia akaendelea. Walipofika nyumbani, mabegi yakiwa bado sebuleni, alijitupa kwenye kochi, akasema, haya mama, sasa nipikie chakula cha kweli. Shemeji akaingia jikoni na nguo zake za safari. Akapika. Akaandaa. Hakukaa kula. Alfajiri yake akachukua lile lile begi, ambalo hata halikuwa limefunguliwa, akaenda kwa dada yake, na mlangoni akamwachia maneno machache: ukishajua ulichosema, uje unichukue.

— Na mimi sijui nilichosema, akasema Baharia. Nalala nafikiri. Naamka nafikiri. Jana dada yake kanipigia, kasema nije leo mchana, lakini kama nakuja bila jibu nisijisumbue, mlango hautafunguliwa. Nisaidieni, ndugu zangu. Nyumba ile siiwezi peke yangu. Hata taa ya jikoni sijui inawashiwa wapi.

Alisema hayo bila aibu, na mimi nilimwonea huruma kwelikweli, maana macho yalikuwa mekundu.

Meneja akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue kesi imefunguliwa.

— Jambo lenyewe ni rahisi, akasema. Mmoja anasema chakula kizuri. Mwingine anasema kibaya. Chakula ni kimoja. Kwa hiyo mmoja amekosea, na aliyekosea aombe radhi. Tukishajua kile chakula kilikuwaje, ndoa imepona.

Sasa ukiyasikia maneno hayo ukiwa umekaa kwako umetulia, unaweza kuona kasoro. Pale benchini sisi sote tulitikisa vichwa kukubali. Mimi mwenyewe nilitikisa.

Kinyozi ndiye aliyeanza, maana Kinyozi huanza kila kitu, ila kumaliza waulize wateja wake. Akasema yeye yuko upande wa Baharia. Chakula cha melini hakiwezi kuwa kizuri kwa sababu chote kimelala kwenye barafu tangu meli iondoke bandarini.

— Hata samaki, akasema. Hebu fikirini. Meli inakwenda juu ya bahari, imebeba samaki wa barafu kutoka nchi kavu. Chini yake samaki wazima wanapita, wanatazama juu, wanacheka.

— Umejuaje wewe?

— Nilimnyoa mtu aliyewahi kupanda.

— Akakuambia hivyo?

— Hakuniambia kitu. Lakini alikuwa amekonda.

Wote tukamtazama Baharia. Kwa kweli hakukonda. Mkanda wake ulikuwa umefika tundu la mwisho, na tundu lenyewe lilikuwa jipya, limetobolewa kwa msumari. Nikamuuliza kwa upole, mtu anayekula chakula kibovu wiki nzima ananenepaje.

— Nilikuwa nahakikisha, akasema. Huwezi kusema kitu ni kibaya kwa kijiko kimoja. Ni dhambi.

Meneja akataka ushahidi kamili, na Baharia akautoa. Akaeleza ukumbi wa kulia, meza ya kujipakulia inayoanzia mlangoni na mwisho wake huuoni, vyakula mpaka mtu anapata kizunguzungu. Nyama laini mno, akasema, meno yanakaa bure. Mkate mgumu nje, mtupu ndani. Wali kila punje imekaa peke yake kama watu waliogombana. Supu haijui chumvi. Mayai unamwambia mpishi uyatakavyo, anayapika unatazama, na bado yanakuja kama atakavyo yeye. Alikumbuka kila sahani ya kila siku, nilimstaajabia. Kisha akafika kwenye maharage.

— Wametia sukari, akasema.

— Kwenye maharage?

— Kwenye maharage.

Kinyozi akasema yeye hapo angeomba ashushwe, hata kama ni katikati ya bahari.

Lakini Meneja hapendi kesi iishe mapema. Akasema tusiwe wepesi wa kuhukumu wapishi, huenda kosa ni la ulimi. Hewa ya baharini ina chumvi. Mtu akivuta pumzi wiki nzima, ulimi unajaa chumvi, chakula hakiwezi kupita. Ndiyo maana Baharia hakusikia ladha.

— Na shemeji? nikauliza. Yeye alikuwa anavuta hewa gani?

— Mwanamke anaonja mboga kila siku tangu usichana wake, akasema Meneja. Ulimi wake umeshazoea shuruba. Ni ulimi wa kazi.

Kinyozi akakataa. Akasema hapo ni hila tu. Kwenye meli kama ile lazima pawe na majiko mawili, moja la wanaosifu na moja la wanaolalamika. Wahudumu wanazunguka na trei, wewe unadhani wanaleta maji, kumbe wanasikiliza. Ukisema chakula kibaya, jina lako linapelekwa chini, na kuanzia hapo unaletewa kibaya kweli.

— Lakini tulikuwa tunajipakulia wenyewe, akasema Baharia.

— Wanageuza meza ukifika.

Baharia akaonekana anakumbuka jambo. Akasema kweli kulikuwa na mhudumu mmoja mrefu aliyekuwa anamtazama sana, hasa alipokwenda kujaza sahani mara ya nne. Kinyozi akanyoosha mikono kutuonyesha kwamba hana la kuongeza.

Hapo ndipo alipofika yule mama. Ni mhamiaji wa mtaani kwetu, alikuwa ameniletea pasi jana yake, nami nikamwahidi ataikuta tayari. Sikuwa nimeifungua. Nikamwambia imebaki kitu kidogo sana, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile, mteja akakaa. Baharia alimpisha. Nikammiminia kahawa ili asiangalie mikono yangu, nikaanza kufungua skrubu.

Meneja, akipata msikilizaji mpya, huongeza gia. Akasema sasa atatuambia ukweli wenyewe, ambao wenye meli hawapendi usemwe. Chakula cha melini kinapikwa kibaya makusudi. Kingekuwa kitamu, abiria wote wangekula wakashiba, uzito ungezidi, meli ingezama.

Nikaacha skrubu.

— Lakini Meneja, kikiwa mezani au kikiwa tumboni, si kiko melini vile vile?

Akanitazama muda mrefu. Nilidhani nimemshinda.

— Cha mezani kimetulia, akasema. Cha tumboni kinatembea. Watu elfu wameshiba, mmoja anasema ona pomboo, wote wanakimbilia upande mmoja. Umeelewa sasa?

Kinyozi alielewa mara moja, akaongeza kwamba ndiyo maana shemeji akaona chakula kitamu: meli imelala upande, viungo vyote vinateremka kwenye sahani za upande ule, na bila shaka shemeji alikaa upande wa chini. Wakamgeukia Baharia aseme mkewe alikaa wapi. Baharia akasema dirishani. Meneja akauliza dirisha la upande gani. Wakaanza kupanga vikombe vyangu kwenye benchi kuonyesha meli, jiko, dirisha na shemeji. Shemeji alikuwa kifuniko cha sukari.

Jua lilikuwa limeshapanda. Baharia aliangalia simu yake, akaangalia vikombe, na niliona anakata tamaa. Saa yake ya kwenda ilikuwa inakaribia, na jibu alilokuwa nalo mpaka hapo ni kwamba meli ililala upande.

— Kwa hiyo nikamwambieje? akauliza. Nikifika mlangoni, neno la kwanza.

— Mwambie amekosea, lakini si kosa lake, akasema Meneja. Ni uzito.

Yule mama akaweka kikombe chini. Alikuwa amesikiliza kimya wakati wote, mkoba magotini, na mimi kusema kweli nilikuwa nimemsahau, kama nilivyoisahau pasi yake.

— Samahani, kaka zangu, naingilia yasiyonihusu. Huyo mama, huko melini, yeye alikuwa anakula nini?

Aliuliza kawaida tu, kama mtu anayeuliza duka linafungwa saa ngapi.

— Chakula, akasema Baharia.

— Chakula gani?

— Kile kile. Kilichokuwepo.

— Si umesema vilikuwepo vingi mpaka mtu anapata kizunguzungu. Yeye alichagua nini?

Baharia akafungua mdomo. Mtu huyu dakika chache nyuma alikuwa ametusomea sahani zake zote, mpaka mkate wa siku ya pili uliokuwa mtupu ndani. Mdomo ukabaki wazi.

— Siku ya kwanza, akasema, alizunguka ile meza na sahani tupu. Anazunguka tu, anatazama. Anafika mwisho, anarudi. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia usijisumbue mama, nikampakulia mimi.

— Ukampakulia nini?

— Kama changu.

— Na siku nyingine?

— Siku nyingine alikuwa anatangulia. Naamka nakuta kitanda kitupu. Akirudi namuuliza ulikuwa wapi, anasema nimeshakula. Anakuja tu kukaa na mimi dirishani wakati nakula.

Nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe anavyosema. Kinyozi alikuwa ameshika kifuniko cha sukari mkononi, akakirudisha kwenye kopo taratibu.

— Basi nyumbani, akasema yule mama. Nyumbani anapenda nini?

— Maharage, akajibu Baharia haraka, kama mtu aliyeona nchi kavu. Anayapika kila wiki.

— Maharage unapenda wewe, nikasema. Mtaa mzima unajua.

— Na yeye anayala.

— Sikuuliza anachokula, akasema yule mama. Nimeuliza anachopenda.

Meneja akakohoa, akasema huenda kwa Baharia ni tatizo la mtu mmoja, si la wote. Yeye kwa mfano anajua kabisa mkewe anapenda nini.

— Ukoko, akasema. Mke wangu anapenda sana ukoko. Tangu tuoane sijamwona akila wali wenyewe. Kila siku ukoko tu, tena anakula jikoni amesimama, anavyoupenda.

Alipomaliza kusema, yule mama alimtazama tu. Meneja naye akatutazama mmoja mmoja, akingoja mtu amuunge mkono, na taratibu uso wake ukabadilika. Akachukua kikombe chake kilichokuwa meli, akanywa, kumbe ni kitupu.

Kinyozi hakukubali. Akasema hili si jambo la kuumiza kichwa, mambo ya kuulizwa huulizwa, na simu zipo. Akampigia mkewe palepale, akaweka sauti nje ili sote tusikie jinsi ndoa yake ilivyo nyoofu.

— Mama watoto, hujambo. Eti wewe unapenda kula nini?

Upande wa pili tukasikia sufuria ikitua juu ya kitu.

— Umefanya nini? akauliza mkewe.

— Sijafanya kitu. Nauliza tu unapenda kula nini.

— Sema tu, baba watoto. Sitapiga kelele. Umefanya nini?

Kinyozi akakata simu. Ikaita papo hapo. Akaitazama inavyoita, akaitia mfukoni, ikaendelea kuita humo. Mteja wake alikuwa ametoka saluni na shuka la kunyolea shingoni, anamtafuta.

Mimi nilikuwa nimeinamia pasi. Nashukuru kazi yangu ina vitu vidogo vya kuinamia, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na sikutaka aniulize.

Baharia akasimama. Akajivuta shati kwa mikono kujaribu kuondoa mikunjo. Yule mama akaniambia, fundi, mpigie kaka shati pasi, nitasubiri. Nikalipiga pasi kwa pasi yake, ambayo ilikuwa imepona muda huohuo, na Baharia akakaa na fulana mbele ya watu wote akingoja kama mtoto wa shule. Sikumdai, na yule mama sikumdai.

— Unakwenda na jibu gani? Meneja akamuuliza, sauti ikiwa imeshuka.

— Sina jibu, akasema Baharia. Nakwenda kumuuliza.

— Akikuambia kwa nini unamuuliza leo, baada ya miaka yote?

— Nitamwambia sijui anachopenda. Si ndio ukweli wenyewe?

Akavaa shati, likiwa bado la moto, akaondoka. Kinyozi alivuka barabara kwenda kunyoa, kitu ambacho hakijawahi kumtokea kabla ya adhuhuri. Meneja akasema anawahi nyumbani, na hakutuambia anawahi nini.

Mchana ukapita. Nilimfikiria Baharia mara nyingi, nikijiuliza kama mlango ulifunguliwa. Jioni, nikiwa nafunga kibanda, simu yangu ikaita, ni yeye. Alikuwa anaongea chini chini kama mtu aliyejificha chooni.

— Uko wapi? nikamuuliza.

— Kwa dada yake. Ukumbini.

— Walikufungulia?

— Walinifungulia. Nikamuuliza. Akanitazama muda mrefu sana, nikadhani ananifukuza. Kisha akaniambia, kaa chini.

— Ukakaa?

— Nimekaa tangu saa nane. Anataja vitu anavyovipenda, na dada yake anamkumbusha. Ndugu yangu, kuna vitu sijawahi hata kuviona. Kule melini alikuwa anavifuata asubuhi na mapema, anakula peke yake anatazama bahari. Anavikumbuka vyote.

Nikamuuliza sasa shemeji anasemaje kuhusu kurudi nyumbani. Kwa mbali nikasikia sauti ya mwanamke ikimwita, haina hasira, ila haina mchezo.

— Hilo bado, akasema Baharia. Ndiyo kwanza tumefika kwenye matunda.